Riba kwa Mkopaji Maskini

Benki za mikopo midogo nchini Kenya hufanya kazi kwa leseni ya Benki Kuu, chini ya Sheria ya Mikopo Midogo ya 2006 iliyoanza kutumika Mei 2008. Leseni hiyo inazipa haki ambayo wakopeshaji wengi wadogo hawana: kupokea amana za umma na kuzikopesha. Faulu ndiyo iliyotangulia kuipata, mwaka 2009. KWFT, iliyoanzishwa kwa ajili ya wanawake, ikafuata 2010. Sheria ilidai mtaji usiopungua shilingi milioni 60 kwa benki itakayofanya kazi nchi nzima, na milioni 20 kwa ile ya eneo moja. Wateja wa benki hizi ni wale ambao benki kubwa ziliwapita kwa miaka mingi: mama anayeuza mboga Kongowea, fundi cherehani wa Kakamega, mfugaji mwenye ng'ombe wawili wa maziwa kule Nyandarua, kijana wa bodaboda anayelipia pikipiki yake kidogo kidogo.

Kadhaa ya benki hizi zimetoka mikononi mwa watu wa dini. Faulu ilianza 1991 kama mpango wa shirika la Kikristo la Food for the Hungry. SMEP ilizaliwa ndani ya Baraza la Kitaifa la Makanisa ya Kenya. Caritas ilipata leseni 2015 ikiwa mali ya Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi. Kanisa ambalo kwa zaidi ya miaka elfu moja liliihesabu riba kuwa dhambi sasa lina benki inayotoza riba, na wanaolipa ni waumini wake wa kipato cha chini. Upande wa pili, katika miji ya pwani na kaskazini mashariki, wako Waislamu wengi wanaopita mbele ya mlango wa benki hizo bila kuingia, kwa kuwa riba kwao ni haramu hata ikiwa ndogo na hata mkopo ukiwa wa lazima. Hivyo swali la zamani limerudi na nguo mpya: je, ni haki kumtoza maskini zaidi ya alichokopeshwa? Na ikiwa ni haki, mpaka wake uko wapi?

Torati inalijibu kwa ukali. Kitabu cha Kutoka, Mambo ya Walawi na Kumbukumbu la Torati vyote vinakataza kumtoza ndugu riba, na viwili vya kwanza vinamtaja wazi maskini, mtu aliyeanguka na mkono wake umelegea. Mkopo unaozungumziwa humo ni wa nafaka ya kula na mbegu za kupanda baada ya mvua kukosa, wala hakuna anayewaza biashara ya misafara. Anayekopa katika hali hiyo hana nafasi ya kukataa sharti lolote, na mwenye ghala analijua hilo. Kumtoza ziada ni kuiuza njaa yake.

Pamoja na katazo hilo ziko amri mbili ambazo wahubiri wa leo huzigusa mara chache, ingawa ndizo zenye uzito mkubwa zaidi kwa suala hili. Ya kwanza: anayechukua vazi la maskini kuwa rehani alirudishe kabla jua halijatua, kwa sababu ndilo shuka lake la usiku. Ya pili: asichukue jiwe la kusagia kuwa rehani, maana atakuwa amechukua uhai wa mtu. Mtunga sheria huyo wa kale alikwisha kujua kwamba deni huua kupitia kile kinachobebwa siku mdaiwa anaposhindwa kulipa. Alikubali rehani iwepo, na akakubali mkopeshaji awe na haki yake. Lakini akaiwekea haki hiyo ukingo pale inapogusa chombo cha riziki na kitanda cha mtu. Jiwe la kusagia la leo ni cherehani, friji ya kuhifadhia samaki, mkokoteni, ng'ombe wa maziwa.

Wakristo walirithi katazo hilo na kulikaza. Mtaguso wa Nisea, 325, uliwakataza makleri kutoza riba. Mtaguso wa Tatu wa Laterano, 1179, ukawanyima wala riba wa wazi ushirika na mazishi ya Kikristo. Wanafalsafa walileta hoja yao pia. Aristotle aliona kwamba fedha ilibuniwa ili kubadilishana vitu, kwa hiyo kuifanya izae yenyewe ni kinyume cha maumbile. Thoma wa Akwino, katika karne ya 13, alisema kwamba kuna vitu ambavyo kuvitumia ni kuvimaliza, kama divai na nafaka. Anayeuza divai kisha akadai tena malipo ya kuinywa anauza kitu kimoja mara mbili, na fedha iko katika kundi hilo. Hata hivyo Thoma mwenyewe alikubali kwamba mkopeshaji aliyepata hasara halisi kwa sababu ya kukopesha anaweza kufidiwa. Katika mwanya huo mdogo ndimo historia yote iliyofuata ilimopitia.

Mwaka 1462 huko Perugia, Italia, watawa wa Kifransisko walisaidia kuanzisha kituo cha kuwakopesha maskini kwa rehani, cha kwanza miongoni mwa vile vilivyokuja kuitwa monti di pietà. Nia ilikuwa kuwaokoa watu wa chini na wakopeshaji waliowakamua. Punde likazuka tatizo ambalo meneja yeyote wa benki ndogo analitambua: karani anataka mshahara, ghala la rehani linataka mlinzi, vitabu vya hesabu vinataka mtu wa kuviandika. Wafransisko wakaamua mkopaji achangie gharama hizo kwa ada ndogo. Wapinzani wao, wengi wakiwa Wadominiko, wakasema hiyo ni riba iliyovikwa kanzu. Ugomvi uliendelea kwa miongo mingi hadi Mtaguso wa Tano wa Laterano, 1515, chini ya Papa Leo wa Kumi, ulipoamua kwamba ada ya kuendeshea kituo tu, isiyokuwa na faida kwa waliotoa fedha, si dhambi. Caritas ya Nairobi ni mjukuu wa uamuzi huo. Neno zito katika uamuzi huo ni *tu*: gharama, na si zaidi ya gharama.

John Calvin na warithi wake walikwenda mbali zaidi. Kwao katazo la Torati lilikuwa na maana ya kulinda upendo na usawa, kwa hiyo mfanyabiashara anayekopa ili apate faida anaweza kwa haki kumgawia mkopeshaji sehemu ya faida hiyo. Ila Calvin alisisitiza kwamba mhitaji asitozwe. Hoja hii ilisaidia kuzibeba benki za Ulaya ya kisasa, na sharti lake likasahauliwa njiani.

Uislamu ulishika msimamo wake bila kulegea namna hiyo. Qur'ani, katika Surat al-Baqara aya ya 275 na zinazofuata, inahalalisha biashara na kuharamisha riba, na katika Surat Aal Imran aya ya 130 inakemea riba inayorudufika maradufu. Mtume Muhammad, katika hotuba ya hija ya kuaga, aliifuta riba yote ya zama za ujahiliya, akaanza na ile aliyokuwa akidai ami yake Abbas bin Abdul-Muttalib. Mafakihi walieleza hekima yake kwa njia nyingi, na iliyo karibu zaidi na suala hili ni ya hatari: katika biashara kila upande unaweza kupata au kukosa, lakini mtoza riba amejihakikishia chake hata mwenzake akizama.

Wapo wanazuoni wa karne iliyopita waliojaribu kutenganisha riba ya zamani na malipo ya benki. Muhammad Sayyid Tantawi, akiwa Mufti wa Misri, alitoa fatwa mwaka 1989 ya kuruhusu faida ya vyeti fulani vya uwekezaji vilivyotolewa na benki. Wengi hawakumfuata. Baraza la Fiqhi la Jumuiya ya Nchi za Kiislamu lilikuwa limeshaamua huko Jeddah, 1985, kwamba nyongeza yoyote iliyowekwa kama sharti juu ya mkopo ni riba, na huo ndio msimamo wa mashekhe walio wengi katika pwani ya Afrika Mashariki. Ndiyo sababu zikaja benki zinazofuata sharia: Gulf African Bank na First Community Bank zilizoanza Kenya mnamo 2008, na Amana Bank iliyofunguliwa Tanzania mwaka 2011.

Njia inayotumiwa zaidi na benki hizo ni murabaha. Mteja anayetaka friji hapewi fedha. Benki inainunua friji, kisha inamuuzia kwa bei ya juu zaidi, alipe kwa awamu. Wakosoaji husema tofauti ni ya jina tu, kwa kuwa ukijumlisha awamu zote unapata kiasi kinachokaribia mkopo wa riba. Hesabu yao mara nyingi ni sahihi, ila wameangalia siku isiyohusika. Tofauti hujitokeza pale mteja anapokwama. Bei ya murabaha ikishaafikiwa haipandi tena. Kuchelewa hakuzai deni jipya kwa faida ya benki, na faini ikitozwa kwa mzembe hupelekwa kwenye sadaka. Aya ya 280 ya Surat al-Baqara inaamuru kwamba mdaiwa aliye katika dhiki apewe muda mpaka mambo yamnyookee, kisha inaongeza kuwa kumsamehe ni bora zaidi. Hapa Qur'ani na ile amri ya jiwe la kusagia zinakutana: zote mbili zinamtazama mdaiwa katika saa yake mbaya.

Mila za hapa nchini nazo zina la kusema. Waborana wa kaskazini mwa Kenya na kusini mwa Ethiopia wana utaratibu uitwao busa gonofa, ambapo ukoo humchangia mifugo mtu aliyefilisiwa na ukame au uvamizi ili aanze tena. Kinachotolewa hakihesabiwi kuwa deni la kurudishwa na ziada. Aliyesaidiwa leo anatarajiwa kusaidia ukoo kesho. Chama cha akina mama mjini na upatu wa pwani vina roho iliyo karibu na hiyo. Udhaifu wa njia hizi unajulikana: ukame ukiwapiga wote kwa pamoja, hakuna aliyebaki na cha kuchanga. Benki yenye wateja wa Garissa, Kisii na Mombasa kwa pamoja inaweza kuvuka mwaka ambao ukoo mmoja haungeuvuka, na hilo ni jambo jema ambalo haki inadai litajwe.

Kabla ya kuhukumu lazima ieleweke kwa nini mkopo mdogo ni ghali. Afisa wa mikopo anayesafiri hadi kijijini, akakagua biashara, akajaza fomu na kurudi kufuatilia marejesho, hutumia karibu nguvu ile ile kwa mkopo mkubwa na mdogo. Ikiwa kazi hiyo, kwa mfano, inagharimu shilingi 3,000, basi kwa mkopo wa shilingi milioni 2 gharama ni asilimia 0.15, na kwa mkopo wa shilingi 20,000 ni asilimia 15. Hakuna ulafi katika hesabu hiyo. Kwa miaka kadhaa mfululizo sekta ya benki za mikopo midogo Kenya, ikichukuliwa kwa jumla, imepata hasara, ingawa viwango vyake vya riba ni vya juu kuliko vya benki kubwa. Anayedhani kila shilingi ya riba inaishia mfukoni mwa tajiri hajaangalia vitabu vyao.

Kuna jambo jingine ambalo wanafalsafa wa kale hawakulikuta. Mkopeshaji wa Torati alikuwa mwenye ghala, na mkopaji hana kitu. Benki yenye leseni inakopesha amana, na sehemu ya amana hizo ni za watu wa hali ile ile ya mkopaji: mjane aliyeweka fedha za mazishi ya mumewe, mwalimu mstaafu, kikundi cha wanawake wanaochanga kila Jumatano. Pesa zisiporudi, wao ndio wanaokosa. Kusamehe deni kutoka mfukoni mwa mwenye ghala ni ukarimu. Kusamehe kutoka kwenye akiba ya mjane bila idhini yake ni jambo jingine kabisa. Kwa hiyo anayesema tu kwamba maskini asidaiwe amesema nusu ya neno, kwa maana anayedai naye anaweza kuwa maskini.

Mkopo bila riba yoyote unawezekana, ila lazima awepo wa kuugharimia. Akhuwat, iliyoanzishwa Lahore, Pakistan, mwaka 2001 na Amjad Saqib, imekopesha watu wengi sana kwa qardhi hasan, yaani mkopo mwema usio na riba, ikitumia misikiti na makanisa kama ofisi ili kupunguza gharama, na ikitegemea michango na fedha za serikali. Huko Mit Ghamr, Misri, Ahmad El-Najjar alianzisha mwaka 1963 benki ya akiba isiyo na riba kwa wakulima na mafundi wa mji mdogo; iliwavuta watu waliokuwa wakiificha akiba yao nyumbani, lakini baada ya miaka minne ikafungwa. Zaka, wakfu na sadaka za Jumapili zinaweza kubeba mikopo ya namna hii katika Kenya kwa wale walio chini kabisa. Haziwezi kuchukua nafasi ya benki nzima, na si lazima zichukue.

Hapa ndipo upande wa mashtaka unapoanza, nao ni mzito. Gharama inahalalisha ada; haihalalishi utajiri. Mwaka 2007 Compartamos ya Meksiko, iliyoanza kama shirika la hisani, iliuza hisa kwa umma na kuwapatia wenye hisa wake mamia ya mamilioni ya dola, wakati wateja wake wanawake wa vijijini walikuwa wakilipa viwango vilivyokaribia asilimia 100 kwa mwaka kodi ikijumlishwa. Muhammad Yunus, mwanzilishi wa Grameen ya Bangladesh na mshindi wa Nobeli ya Amani ya 2006, aliikemea hadharani. Miaka mitatu baadaye, katika jimbo la Andhra Pradesh, India, habari za wakopaji waliojiua baada ya kubanwa na wakusanya marejesho ziliilazimisha serikali ya jimbo kutoa amri ya kuzibana kampuni hizo, Oktoba 2010. Hukumu ya Laterano ya 1515 ingeyakuta yote mawili na hatia: hapo palitozwa zaidi ya gharama.

Udanganyifu wa hesabu ni dhambi ndogo zaidi kwa sura, lakini inawagusa wengi zaidi. Chukulia mkopo wa shilingi 60,000 wa miezi 12, unaorudishwa kwa shilingi 5,000 za msingi kila mwezi, kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi. Riba ikihesabiwa juu ya deni linalobaki, mkopaji atalipa riba ya shilingi 7,800 kwa mwaka. Ikihesabiwa juu ya mkopo wa mwanzo muda wote, atalipa 14,400. Tangazo ukutani linasoma asilimia 2 katika hali zote mbili. Katika mwezi wa mwisho, kwa hesabu hiyo ya pili, mkopaji ana shilingi 5,000 tu za benki mkononi, na analipia shilingi 1,200 za riba, yaani asilimia 24 kwa mwezi mmoja. Mizani ya udanganyifu imelaaniwa katika Mithali na katika Surat al-Mutaffifin bila haja ya kwanza kuamua kama riba ni halali au haramu. Juu ya hili Shekhe, Padre na mtu asiye na dini wanaweza kusaini karatasi moja leo hii.

Dhamana ya kikundi ni suala gumu zaidi, na sifa inazomiminiwa zinaficha kasoro yake. Maskini hana hati ya shamba, kwa hiyo majirani watano au kumi wanadhaminiana. Mmoja akishindwa, wengine wanalipa au wote wananyimwa mkopo unaofuata. Kwa utaratibu huo wanawake wasio na chochote cha kuweka rehani waliweza kukopa, na ni faida isiyopingika. Lakini udhamini katika maadili ya dini hizi ni tendo la hiari, mtu anajitolea kumbebea mwenzake mzigo. Ukifanywa sharti la kila mkopo, hiari inakwisha, na jirani anageuzwa kuwa mkusanya madeni. Mwanamke ambaye mtoto wake amelazwa hospitali hujikuta akigongewa mlango na wale wale ambao wangemletea uji. Benki imeokoa gharama ya afisa mmoja, na kijiji kimelipa kwa ujirani wake. Waswahili husema kukopa harusi, kulipa matanga. Katika dhamana ya kikundi matanga hayo huwakuta hata wasioalikwa harusini.

Ipo pia hoja ya Calvin iliyosahauliwa. Riba ilihalalishwa kwa sababu mkopaji anapata faida na kuigawa. Je, anaipata? Mwaka 2015 Abhijit Banerjee, Dean Karlan na Jonathan Zinman walikusanya pamoja tafiti sita za majaribio kutoka Bosnia, Ethiopia, India, Meksiko, Mongolia na Moroko. Hazikuthibitisha kwamba mikopo midogo inawatoa watu kwenye umaskini kwa jumla. Biashara nyingine zilikua kidogo, watu walipata uhuru zaidi wa kupanga matumizi, lakini kipato cha kawaida cha familia hakikubadilika sana. Sehemu kubwa ya mikopo huenda kwenye karo, hospitali, mazishi na chakula cha mwezi mgumu, hata fomu ikiwa imeandikwa biashara. Mikopo hiyo ni ile ya Torati, ya mtu aliyeanguka. Benki inayojua hivyo na kuitoza kana kwamba ni mtaji wa duka inatumia hoja isiyo yake.

Leseni yenyewe ina maadili ndani yake. Kwa mweka amana imefanya mengi: mtaji wa chini, ukaguzi, na Shirika la Bima ya Amana la Kenya ambalo tangu 2020 humlinda kila mweka amana hadi shilingi 500,000. Ulinzi huo si wa mapambo. Januari 2018 Benki Kuu ya Tanzania ilizifunga benki tano ndogo kwa upungufu wa mtaji: Covenant, Efatha, Njombe, Meru na Benki ya Ushirika ya Wakulima wa Kagera. Bima ya amana ya Tanzania wakati huo ilifikia shilingi milioni 1.5 za nchi hiyo. Aliyekuwa na zaidi ya hapo alibaki kusubiri ufilisi. Nia njema ya mwanzilishi, awe askofu au ushirika wa wakulima, haijazi pengo la mtaji.

Mdaiwa hajajengewa ukuta wa aina hiyo. Taarifa zake hupelekwa kwa wakala wa taarifa za mikopo, na Sheria ya Dhamana ya Mali Inayohamishika ya 2017 imerahisisha kuweka rehani mashine, mifugo na bidhaa za dukani. Hiyo ni njia nzuri ya kupata mkopo na njia fupi ya kupoteza jiwe la kusagia. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Mabenki ya Kenya, kinachotumika tangu 2007, kinazuia riba ya deni lililokwama kupita msingi uliokuwa haujalipwa, jambo linalokumbusha karipio la riba ya maradufu. Nchini Tanzania, kwa wakopeshaji wadogo wasiopokea amana chini ya sheria ya mikopo midogo ya 2018, Benki Kuu imeweka kikomo cha asilimia 3.5 kwa mwezi, na bado mikopo ambayo watu wenyewe wameiita kausha damu inaendelea mitaani. Vikomo vya bei vinasaidia, ila vinagusa swali la kiasi gani tu. Haviulizi nini kitokee mwenye mkopo akiugua, akiibiwa au akifiwa.

Na hapo ndipo uzito wa swali zima ulipo. Kwa mtu anayefuata msimamo wa Baraza la Fiqhi, riba itabaki haramu hata ikiwa nafuu, na imani yake inastahili huduma ya haki badala ya kubembelezwa aiache. Kwa anayefuata mkondo wa Laterano, ada ya gharama ni halali. Tofauti hiyo haitaisha. Lakini pande zote mbili zimeagizwa jambo moja kuhusu mdaiwa aliyekwama bila kosa lake: apewe muda, deni lisizae juu ya dhiki yake, na chombo cha riziki yake kisiguswe. Benki inayotoza asilimia 18 ikayatimiza hayo iko karibu zaidi na maandiko kuliko ile inayotoza 12 ikabeba cherehani. Wala hii si ndoto ya mimbarini. Machi 2020, janga la korona lilipofika, Benki Kuu ya Kenya iliyaelekeza mabenki kuwapangia upya mikopo wakopaji walioathirika, na mabenki hayakuanguka. Kilichowezekana kwa dhiki ya nchi nzima kinawezekana kwa dhiki ya nyumba moja, ikiwa hatari hiyo itatengewa fungu mapema, ama kwa sehemu ndogo ya riba yenyewe ama kwa wakfu na zaka.

Mmiliki wa kidini ana wajibu zaidi ya huo, na wajibu wenyewe huweza kuponyoka. Tangu 2014 sehemu kubwa ya hisa za Faulu imekuwa mikononi mwa Old Mutual, kampuni ya biashara kama nyingine. Mradi wa shirika la Kikristo unapogeuka mali ya soko, hakuna kifungu cha sheria kinachoihamisha dhamiri pamoja na hisa. Majimbo, mabaraza ya makanisa na bodi za sharia zilizo bado na sauti ndani ya benki hizi zidai basi, kila mwaka, pamoja na hesabu za faida na hasara, taarifa tatu za wazi kwa waumini: wakopaji wangapi walipewa muda baada ya kupata msiba, vifaa vingapi vya kazi vilichukuliwa na kupigwa mnada, na riba halisi ya mkopo wa kawaida ikihesabiwa juu ya deni linalobaki. Benki yoyote inayobeba jina la imani na ikashindwa kuyatangaza hayo matatu isitumie jina hilo kwenye bango lake.